Godoro la Kuingia Mfukoni

Kwetu Kivu ya Kaskazini, mashariki mwa Kongo, neno makala lina kazi mbili. Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa ni maandishi kama haya. Kwa mama anayeingia mji wa Sake na gunia mgongoni ni makaa ya kupikia. Kwa hiyo nikisema leo nimeleta makala juu ya makala, mtu wa Masisi atacheka kabla ya mtu wa Tanga. Nataka kukuonyesha jinsi ya kutengeneza picha ndogo za kuchapa kwa mkono, jikoni kwako, kwa masizi, kandambili iliyokatika na mwavuli uliovunjika, ili useme kitu juu ya vurugu tunazoishi ndani yake bila kujitafutia kifungo au lililo baya zaidi.

Sisi ni watu wa muhuri. Karatasi bila muhuri haikufikishi popote, na barabarani ni vilevile. Mwaka 2017 taasisi ya utafiti ya Ubelgiji iitwayo IPIS ilihesabu vizuizi 798 vya barabarani katika Kivu mbili, ya Kaskazini na ya Kusini: vya jeshi, vya idara za serikali na vya vikundi vyenye silaha. Katika maeneo ya Masisi na Walikale kila mtu anaijua jetoni: kikaratasi cha ukubwa wa tiketi, kimechapwa, kimegongwa muhuri, cha kuonyesha kwamba mwezi huu umelipa. Miaka yote aliyekuwa na chapa ndiye aliyekuwa anatoza. Labda ndiyo maana mara ya kwanza nilipomwona mtoto akigonga picha ya kuku kwa kiazi kilichokatwa, nikaona kuna jambo kubwa kuliko mchezo. Ile ilikuwa chapa isiyodai kitu kwa mtu.

Niseme kwa nini ni chapa na si mchoro, maana kuchora ni rahisi zaidi na hakuhitaji fujo zote nitakazokueleza. Nilichora kwa miaka. Nilikuwa na daftari nene la kurasa mia mbili, lenye ng'ombe wa vilima vya Mushaki, wanawake wa soko, mvua. Siku ya kukimbia nilishika mtoto mkono mmoja na sufuria mkono wa pili. Daftari lilikuwa moja, likabaki. Chapa ina tabia nyingine: ukichonga kibao kimoja unatoa nakala kumi, ukampa shangazi, ukampa jirani, ukampa dereva wa pikipiki anayeelekea Nyabiondo. Nyumba yako ikiungua, picha ziko katika nyumba tisa nyingine. Watu ambao wamekimbia tangu vita vilivyoanzia soko la Ntoto, Walikale, mwezi wa tatu 1993, wakakimbia tena na tena hadi mji wa Masisi ulipotwaliwa na waasi wa M23 mwanzoni mwa Januari 2025 na ule wa Walikale mwezi Machi mwaka huohuo, hawahitaji kuelezwa faida ya kuweka kitu mahali pengi.

Basi kanuni ya kwanza ni ukubwa. Usizidi ukubwa wa kadi ya mpiga kura. Kadi hiyo ndiyo kitambulisho chetu; ndiyo kitu ambacho mtu hukumbuka hata anapotoka nyumbani bila viatu, ikiwa ndani ya nailoni, imefungwa kwenye ncha ya kitenge. Chapa inayoingia kwenye nailoni ileile itafika unakofika. Na udogo una faida ya kisanii pia: unakunyima nafasi ya kuweka vita vizima. Unabaki na kitu kimoja.

Hapa ndipo wengi hukosea, nami nilikosea. Mtu akipewa wembe na kipande cha raba aambiwe achonge juu ya machafuko, atachonga bunduki. Atachonga mtu ameanguka, moshi, helikopta. Watoto waachie, wao wanachora bunduki kwa sababu wameiona, na kumkataza mtoto picha ni kumwambia hakuona. Lakini wewe mtu mzima jiulize: bunduki hiyo itamwambia nini jirani yako ambaye ameisikia usiku kucha? Haina habari mpya.

Msanii Mjerumani Käthe Kollwitz alimpoteza mwanawe Peter vitani Oktoba 1914. Ilimchukua miaka, na mwanzoni mwa miaka ya 1920 akatoa chapa saba za mbao juu ya vita ile. Hakuna uwanja wa mapigano hata katika moja. Kuna wazazi waliopiga magoti wakishikana, kuna mjane, kuna kundi la akina mama waliojifunga pamoja kama ukuta kuwazunguka watoto wao. Yule mama alikuwa na vyombo vyote vya fundi, na bado alichagua kuonyesha kile kinachobaki chumbani baada ya habari kufika.

Kwetu kilichobaki ni nini? Tembea nacho kichwani siku mbili kabla ya kushika wembe. Mimi naona godoro. Msafara wowote unaotoka Masisi kwenda Sake una godoro: limekunjwa na kufungwa kwa kamba, liko kichwani mwa mama, liko juu ya chukudu, kile kigari chetu cha mbao, liko juu ya pikipiki na mtoto juu yake. Mtu anaacha kitanda, kabati na mbuzi, anachukua godoro. Naona bidoni ya njano ya lita 20 imesimama kwenye foleni badala ya mwenyewe. Naona kufuli kwenye mlango wa shule. Februari 2025, kambi za waliokimbia vita pembeni mwa Goma zilipovunjwa na watu wakaamriwa kurudi walikotoka, nililoliona barabarani ni turubai jeupe limekunjwa vizuri sana, pande nne, kama shuka la mgeni. Mtu anayekunja hivyo anajua atalihitaji tena.

Walikale ina vyake. Kuna mgongo: miaka ambayo mawe ya mgodi wa Bisie yalibebwa na watu kupitia msituni hadi kijiji cha Njingala, gunia lilikuwa la kilo hamsini na njia ya zaidi ya siku moja. Chonga mgongo tu, bila uso. Kuna ndege iliyokuwa ikitua katikati ya barabara ya lami pale Kilambo, watu wakisogea pembeni. Na kuna usinga. Wanyanga wana utendi wa Mwindo, ambao Shekarisi Candi Rureke aliusimulia mwaka 1956 mbele ya mtafiti Daniel Biebuyck aliyekuwa akiuandika. Shujaa yule hatembei na mkuki, anatembea na usinga wa mkia, na akiupiga juu ya waliokufa wanaamka. Katika nchi yenye silaha nyingi hivi, kuchonga usinga peke yake kwenye karatasi tupu ni kauli, na wenye kuelewa wataelewa.

Sasa vifaa. Kibao kizuri kuliko vyote kwa anayeanza ni soli ya kandambili. Ile raba laini inakatika kwa wembe, haina nyuzi za kukupinga kama mbao, na inashika wino. Kata kipande cha ukubwa wa kadi kutoka sehemu ambayo kisigino hakikuila sana. Kitakuwa na mistari na mabonde, kwa hiyo kisugue juu ya jiwe la volkano lililolowa maji, au kwenye ngazi ya saruji, mpaka kiwe tambarare. Usifanye haraka; bonde lolote utakaloacha litatokea kama doa jeupe katikati ya picha. Kiazi mviringo, ibirayi kwa majirani zetu wanaosema Kinyarwanda, kinafaa kwa siku moja tu na kwa maumbo mapana. Tena Masisi kiazi ni chakula, na sipendi kumfundisha mtu aliyelala njaa kuchonga chakula. Mbao utaijaribu baadaye: waombe mafundi vipande vya pembeni, ukiepuka mkaratusi, ambao hupasuka kufuata nyuzi zake wakati wowote unaoutaka wenyewe.

Wembe unakata mistari ya kuzunguka. Kwa kuchimbua unahitaji patasi ndogo yenye mfereji, na hapa mwavuli unaingia. Mbavu za mwavuli ni vyuma vyembamba vilivyokunjwa kama mfereji. Vunja ubavu mmoja urefu wa kidole, noa ncha yake kwa mshazari juu ya kinoo au jiwe, uchomeke kwenye mshikio wa kijiti au kigunzi kikavu cha hindi. Umepata patasi ambayo mjini wangekuuzia kwa dola. Unapochonga, mkono wa pili uwe nyuma ya patasi wakati wote, kamwe usiwe mbele. Kovu langu la kidole gumba cha kushoto limenifundisha sentensi hiyo.

Kabla ya kuchonga, hamisha mchoro. Chora kwenye karatasi ya daftari kwa kalamu nzito, kisha ipake mafuta kidogo kwa kidole. Hata mawese yanafaa hapa. Karatasi itapitisha mwanga na mchoro utaonekana upande wa nyuma. Igeuze. Sasa chukua kipande cha makala, sugua upande ulio chini, laza juu ya raba, fuatisha mistari kwa msumari. Utapata picha iliyogeuka, na ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu chapa itaigeuza tena. Asiyeamini ajaribu kuchonga maneno. Neno MASISI linadanganya: M, A na I hazibadiliki kwenye kioo, ukajiona fundi, kumbe S zote mbili zimetazama nyuma. WALIKALE itakuaibisha mara nne, L mbili, K na E.

Kumbuka unachoondoa ndicho kitakachokuwa cheupe. Mwanafunzi mmoja alichonga godoro lote akalitoa, akabaki na usiku mweusi na shimo jeupe lenye umbo la godoro. Alidhani ameharibu. Ile ndiyo chapa bora niliyowahi kuiona mezani kwangu.

Wino ndio unaotaka subira. Usisage makala kwa ajili ya wino. Chembe zake ni kubwa, utapata kijivu cha mchanga. Unachotaka ni masizi. Ya chini ya sufuria la kuni yanafaa ukiyachuja kwa kitambaa, lakini yaliyo laini kabisa ni ya kibatari: shikilia kisahani cha bati juu ya mwali, nje ya nyumba, ukiwa upande upepo unakotoka ili usiyavute puani, na ukwangue kila kinapokuwa cheusi. Kijiko kimoja cha chakula kinatosha kuchapa mara nyingi. Sasa jaribu kuyachanganya na maji uone: yanaelea, yanakataa, yanakimbilia pembeni kama watu wasiosalimiana. Dawa yake ni matone machache ya kanyanga. Pombe kali huyalowesha masizi papo hapo. Kwa nyumba zisizoingiza pombe, povu la sabuni ya kufulia linafanya kazi hiyohiyo, polepole zaidi. (Chupa ya kanyanga ikikaa karibu na meza ya kazi, hesabu matone, nimeona wino ukipungukiwa na fundi akizidi uchangamfu.)

Masizi yakishalowa, changanya na uji mzito wa unga wa muhogo, uliopikwa mpaka ukang'aa na kuchujwa. Anza na vijiko viwili vya uji kwa kimoja cha masizi. Ongeza asali kidogo, nusu ya kijiko cha chai, ili usikauke kabla hujamaliza kupaka. Saga yote kwa kitako cha chupa juu ya sahani bapa kwa dakika kumi kamili. Wino ulio tayari unanata. Ukiugusa kwa kidole na kuuinua unavuta sauti ndogo, kama mtu anayefyonza meno. Ukiteleza kimya, bado ni uji. Hautadumu, baada ya siku mbili au tatu utachacha, kwa hiyo tengeneza wa siku hiyo. Na tafadhali, mawese yasiingie kwenye wino. Mafuta hayo hayakauki hewani. Yatatambaa kwenye karatasi na kila picha itapata mduara wa mafuta kama kanga ya mkaanga samaki.

Ukitaka rangi ya pili, chukua udongo mwekundu wa barabarani, ukoroge ndani ya maji, subiri mchanga uzame, mimina maji yenye rangi kwenye chombo kingine na uache yatulie usiku kucha. Tope laini litakalobaki chini, likaushe na ulisage. Mama mdogo wangu ana chapa ya mlango iliyopakwa udongo aliokuja nao kwenye viatu kutoka nyumbani. Si jambo la kuliongelea sana. Anajua yeye.

Kupaka wino, kata sponji kidogo ya godoro kuukuu, uifunge ndani ya kitambaa cha pamba kama kifurushi cha chumvi. Gonga, usifute. Wino mwingi utajaza mifereji uliyoichonga kwa shida. Karatasi ya daftari ipanguse kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Weka blanketi lililokunjwa chini, karatasi juu yake, kisha kandamiza raba kama muhuri, kwa uzito wa mwili, ukihesabu mpaka kumi. Kwa kibao cha mbao fanya kinyume: laza karatasi juu ya kibao, usugue mgongo wake kwa kitako cha kijiko. Nakala tatu za kwanza hazitafaa. Zitumie kuwashia moto. Kuanzia ya nne raba imezoea wino, na utasikia mwenyewe karatasi inavyobanduka. Anika kwenye kamba ndani ya nyumba, maana mvua ya Masisi haipigi hodi.

Karatasi nzuri si lazima. Mfuko wa saruji unatoa karatasi ya kahawia yenye nguvu, boksi la biskuti linashika vizuri. Tshibumba Kanda-Matulu, wa Lubumbashi, alichora historia nzima ya nchi hii katika miaka ya 1970, picha mia na zaidi, juu ya vitambaa vya magunia ya unga, akazieleza moja moja kwa Kiswahili mbele ya mtafiti Johannes Fabian. Hakungoja turubai la Ulaya. Na kama unataka maneno ndani ya picha, mtazame John Muafangejo wa Namibia, aliyekuwa akichonga sentensi nzima katikati ya watu na ng'ombe wake. Mimi nashauri neno moja tu, au hakuna.

Hilo linanileta kwenye hatari, na sitaipaka sukari. Usichonge uso wa mtu anayetambulika, awe muuaji au marehemu. Usichonge jina la kijiji pamoja na tarehe. Vitu hivyo viwili vikikutana huwa ushahidi, na ushahidi una njia zake na watu wake waliofunzwa kuulinda. Usichonge herufi za kikundi chochote, hata kwa kukitukana, maana leo kizuizi ni cha hawa na wiki ijayo ni cha wale. Usichonge chui wa nembo ya taifa wala duara linalofanana na muhuri. Mtu atakayekukuta na kitu kinachofanana na jetoni hatauliza kuhusu sanaa. Usipige picha chapa zako kwa simu ukazituma. Simu hufunguliwa njiani. Hii ni kazi ya karatasi, ibaki karatasi.

Kuna pia mpaka mwingine usiohusu askari. Kati ya tarehe 30 Julai na 2 Agosti 2010, katika vijiji vya Luvungi na jirani zake, Walikale, wanawake wasiopungua mia tatu, na wanaume na watoto pia, walibakwa. Baadaye walikuja watu wa kamera, mmoja baada ya mwingine, na mwanamke yuleyule akaulizwa jambo lilelile. Usiwe mtu wa kamera mwenye wembe. Uchungu wa mwingine hauchongwi mpaka mwenyewe akuambie, na akikuambia, mpe kibao achonge yeye. Na wewe binafsi, mkono ukianza kutetemeka katikati ya mstari, weka patasi chini, nenda kachote maji. Raba haiozi. Ni bora kufanya kazi hii mkiwa wawili watatu, Jumapili baada ya ibada, sufuria la maharage likichemka pembeni, kwa sababu mikono ikiwa na shughuli ndipo watu huongea, na anayetaka kunyamaza ana kisingizio.

Mwaka jana nilikuwa natoka upande wa Mweso, na kwenye kamba ya kizuizi kijana mmoja alinitaka nitoe kadi. Nailoni ilitoka na kadi na chapa zangu mbili. Aliirudisha kadi, akashika chapa. Aliigeuza juu chini, akaitazama kwenye mwanga.

"Hii nini?"

"Ni godoro, kaka."

Akaitazama tena. Mkono wake ulikuwa na masizi ya kuni, kama wangu.

"La nani?"

Nikamwambia sijui, niliona tu watu wengi wanayabeba. Hakujibu. Alinirudishia moja, ile nyingine akaiingiza kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo, akashusha kamba nikapita.

Nimebakiwa na kibao. Ni soli ya mguu wa kulia, na bado inatoa nakala safi.